Ndoa Ikivunjika, Mtoto Bado Ana Baba na Mama



Somo letu leo ni Mwanzo 21, mstari wa 9 hadi wa 21. Kama una Biblia karibu, lisome kwanza, kisha urudi hapa tuzungumze polepole. Leo nimeandika kirefu kuliko siku zote, lakini vumilia, kwa sababu kuna mtu katika familia yako anahitaji haya maneno.

Kanisani tunafundisha sana jinsi ya kuingia kwenye ndoa. Tuna mafunzo ya wachumba, tuna mikesha ya wanandoa, tunahubiri upatanisho. Hayo yote ni mema na sitayaacha. Lakini kila Jumapili, kwenye viti vyetu hapa Machakos, wameketi watu ambao nyumba zao zimeshagawanyika. Yuko mama ambaye tangu mwaka jana analala kwa mama yake na watoto wawili. Yuko baba anayefanya kazi Athi River ambaye hajamwona binti yake tangu Krismasi. Wanaimba nasi, wanatoa sadaka, wanarudi nyumbani kimya.

Na wakija ofisini kwangu, maswali yao si ya mahubiri. Mama anauliza, "Pasta, nikitoka kwa hiyo nyumba, nitanyang'anywa watoto?" Baba anauliza, "Pasta, sisi hatukuwa na cheti. Kwani mimi nina haki gani kwa huyo mtoto?"

Mimi si wakili, na ujumbe huu hauwezi kuchukua nafasi ya wakili. Lakini Hosea 4:6 inatuonya kwamba watu wa Mungu huangamia kwa kukosa maarifa, na nimeona maarifa haya yakikosekana katika nyumba nyingi za waumini. Kwa hiyo leo tutayaweka mezani.

HAJIRI NA KIRIBA CHA MAJI

Ibrahimu alikuwa rafiki wa Mungu, lakini nyumba yake iliingia mgogoro. Hatimaye aliamka asubuhi na mapema, akampa Hajiri mkate na kiriba cha maji, akamwachilia aende na mtoto. Maji yakaisha jangwani. Mama akamlaza kijana chini ya kichaka, akaenda kukaa mbali ili asimwone akifa.

Sasa tazama jambo hili, mpendwa. Mama alikuwa akilia, lakini Maandiko yanasema kilichosikiwa na Mungu ni sauti ya kijana. Sura nzima ilikuwa ya ugomvi wa watu wazima: nani alimcheka nani, nani atarithi, nani aondoke. Mungu aliposhuka kusaidia, alianza na mtoto, akamfungulia mama macho aone kisima.

Sheria ya Kenya haikuandikwa na malaika, lakini katika jambo hili imefuata njia hiyo hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito wa kwanza. Hasira ya baba, machungu ya mama na heshima ya ukoo vyote vinakuja nyuma yake. Ukishika hilo moja, mengine yote nitakayosema yatakuwa rahisi kuelewa.

1. MTOTO HANA UHUSIANO NA CHETI CHENU

Kifungu hicho cha 53 kinasema pia kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawajaoana.

Haikuwa hivyo zamani. Mwaka 1959 ilitungwa sheria iliyomwezesha mama asiyeolewa kumdai baba wa mtoto pesa za matunzo. Bunge likaifuta mwaka 1969, na akina mama wengi wakabaki na mzigo peke yao. Hata Sheria ya Watoto ya 2001 ilianza kwa kumwachia mama wajibu kama wazazi hawakuwa wameoana. Katiba ya 2010 ndiyo iliyogeuza mambo, na Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, imeshikilia usawa huo.

Kwa hiyo, nau, wewe unayesema "sikumuoa, mtoto ni wake," sheria haikujui kwa maneno hayo. Na wewe mwaitu unayesema "hakunioa, hana haki ya kumwona mtoto," nawe sheria haikujui kwa maneno hayo. Wajibu na haki vinatembea pamoja.

2. KUKAA NA MTOTO SI KUSHINDA KESI

Watu wengi hudhani kwamba yule aliye na mtoto mkononi ndiye mshindi. Ndiyo maana unasikia mtoto amechukuliwa shuleni saa nne asubuhi na shangazi, akapelekwa Mwala kwa susu yake, na mama hajui. Mpendwa, huo si ushindi. Mahakama ikiulizwa, itatazama jinsi ulivyomchukua.

Wazazi wakishindwa kukubaliana, anayeamua ni Mahakama ya Watoto. Hakimu hutazama mambo mengi: mwenendo wa kila mzazi, mtoto amezoea kuishi wapi, kama amewahi kuumizwa au yuko hatarini, nani atamlea vizuri, na mtoto mwenyewe anataka nini kulingana na umri na ufahamu wake. Afisa wa watoto anaweza kutumwa afike nyumbani na kuandika ripoti. Kwa miaka mingi mahakama zetu zimekuwa zikimwacha mtoto mdogo kwa mama, isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kufanya vingine. Lakini huo ni mwelekeo tu, mama hana hati ya kummiliki mtoto. Baba naye amewahi kupewa watoto pale ambapo ushahidi ulionyesha kwamba kwake ndiko walikokuwa salama.

Jua pia kwamba kuna malezi ya kila siku na kuna uamuzi juu ya maisha ya mtoto: shule, matibabu, dini. Mahakama inaweza kumpa mzazi mmoja mtoto akae naye na bado ikawaachia wote wawili uamuzi. Na yule asiyekaa na mtoto kwa kawaida hupewa siku za kumwona, mathalani wikendi au nusu ya likizo.

Nirudi kwa lile swali la mama. Hakuna kifungu kinachosema kwamba mwanamke akitoka nyumbani amepoteza watoto. Na sheria ya mali ya wanandoa ya 2013 inasema kwamba wakati ndoa ingali hai, mmoja hawezi kumfukuza mwenzake katika nyumba yao ya ndoa bila amri ya mahakama. Kwa hiyo ukitishwa kila usiku kwamba "ukivuka hilo geti umeacha watoto na kila kitu," hayo ni maneno ya mtu, si maneno ya sheria.

3. MATUNZO SI MSAADA

Kiriba cha Ibrahimu kilikuwa na maji ya siku chache. Matunzo ya mtoto ni ya miaka. Ni chakula, malazi, nguo, karo na matibabu, mpaka afike miaka 18, na mahakama inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu, kwa mfano kama bado anasoma au ana ulemavu. Hakimu hutazama uwezo wa wazazi wote wawili. Usawa wa wajibu haumaanishi kila mmoja atoe shilingi zilezile. Mwenye mshahara atatoa kwa mshahara wake, na anayeuza mboga Marikiti atatoa kwa kadiri ya mboga zake, na kazi ya kumlea mtoto kila siku nayo ina hesabu yake.

Sasa sikia hapa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokosea. Baba asipotuma pesa, mama hana ruhusa ya kumficha mtoto. Mama akimficha mtoto, baba hana ruhusa ya kuacha kutuma pesa. Kutunzwa ni haki ya mtoto, na kumjua mzazi wake ni haki ya mtoto. Ukimnyima moja kwa sababu mwenzako amemnyima nyingine, mtoto amenyimwa mara mbili.

Paulo alimwandikia Timotheo maneno makali sana juu ya mtu asiyewatunza walio wake. Soma 1 Timotheo 5:8. Hakuweka hapo sharti kwamba ni lazima uwe unaelewana na mama yao.

4. KUTENGANA NA TALAKA NI VITU VIWILI

Kutengana ni kuacha kuishi pamoja huku ndoa ikiwa bado ipo. Mnaweza kutengana kwa makubaliano, au mahakama ikatoa amri ya kutengana. Hamlazimiki kukaa nyumba moja, lakini hakuna anayeruhusiwa kuoa au kuolewa kwingine. Paulo analigusa jambo hili katika 1 Wakorintho 7:10 na 11. Yeye mwenyewe alijua kwamba wapo watakaotengana, na akaacha mlango wa kupatana wazi.

Talaka ndiyo inayomaliza ndoa, na ndoa ya kanisani humalizwa na mahakama peke yake. Barua ya chifu haiimalizi. Karatasi ya kiapo uliyoandikiwa na wakili haiimalizi. Mimi mchungaji wako siwezi kuimaliza. Hata kukaa mbali miaka kumi hakuimalizi. Aliyefunga ndoa kanisani akaenda kufunga nyingine kabla ya amri ya mahakama ametenda kosa la jinai, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja sababu tano za kuvunja ndoa ya Kikristo: uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili kwa mwenzi au kwa watoto, kutelekezwa kwa angalau miaka mitatu, upotovu uliokithiri, na ndoa kuvunjika kiasi cha kutotengenezeka tena. Ni lazima uthibitishe, hata kama mwenzako hapingi.

Musa naye, katika Kumbukumbu la Torati 24, alidai talaka iandikwe. Mwanamume asingeweza kumfukuza mke kwa mdomo tu, akamwacha mtu asiye mke wala asiye huru. Hiyo karatasi ilimlinda mnyonge. Usiogope karatasi, mpendwa.

5. NTHEO, NJOO-TUISHI NA MALI

Hapa kwetu Ukambani, wazee watauliza kwanza kama mbuzi wa ntheo walienda. Na wana sababu. Kwa mila ya Wakamba, ntheo ndiyo inayoonyesha kwamba ndoa ipo, na mahakama zetu zimekuwa zikiiuliza katika kesi za nani ni mke na nani si mke. Sheria ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ya kanisa, na tangu Agosti 2017 ndoa hizo husajiliwa na kupewa cheti. Kama mlipeleka ntheo miaka ya nyuma na hamjasajili, nendeni kwa msajili wa ndoa.

Lakini ntheo haiamui mtoto atalelewa na nani. Wapo wazee wanaosema kwamba ntheo ikienda watoto ni wa ukoo wa baba, na isipoenda ni wa kwao mama. Tunawaheshimu wazee wetu. Hata hivyo, Katiba, kifungu cha 2, inasema mila inayopingana nayo ni batili, na Katiba hiyo imeshasema maslahi ya mtoto kwanza. Mtoto hahesabiwi pamoja na mbuzi.

Na wale wa njoo-tuishi? Mahakama inaweza kuchukulia kwamba kuna ndoa pale watu walipoishi pamoja muda mrefu, wakiwa huru kuoana, wakionekana na watu wote kama mume na mke. Lakini mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ilionya kwamba hilo lifanywe kwa nadra na kwa ushahidi. Usijenge maisha yako juu ya "watatuchukulia tumeoana." Mwezi huo huo, katika kesi ya Ogentoto, mahakama hiyo ilisema kwamba usawa wa wanandoa haumaanishi mali igawanywe nusu kwa nusu moja kwa moja, bali kila mmoja aonyeshe mchango wake. Mama usivunjike moyo hapo, kwa sababu sheria ya 2013 inahesabu kupika, kulea watoto, kusimamia biashara na kulima shamba kuwa mchango. Jembe ulilolishika kule Masii lina hesabu yake kortini.

6. MAHALI PENYE KIPIGO

Malaki 2:16 tunaipenda sana tukitaka kumzuia mtu asitoke kwenye ndoa. Ombi langu ni moja: tusome mstari wote. Katika mstari huo huo Mungu anamkemea pia mtu anayelivika vazi lake ukatili. Huwezi kuhubiri nusu ya kwanza na kumrudisha dada kwenye kipigo.

Sheria ya Ndoa, kifungu cha 64, inaruhusu waliofunga ndoa kanisani kutafuta upatanisho kupitia kanisa lao. Nashukuru kwa nafasi hiyo, na nimewaona watu wakirudiana kwa neema ya Mungu. Lakini kupatanisha si kulazimisha. Mtu akija na jicho limevimba, au mtoto akisema anamwogopa mzazi wake, kikao cha wazee kinasubiri. Kwanza ni hospitali, kisha polisi, kisha mahali salama pa kulala. Kuna sheria ya 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani. Chini yake unaweza kuomba amri ya ulinzi kortini, na mahakama inaweza kumwagiza mwenye kudhulumu akae mbali nawe. Nayo inawalinda wanaume pia, kwa sababu tunao wanaume wanaopigwa na kuona haya kusema.

Andika nambari hizi: 1195 ni ya dhuluma za kijinsia. 116 ni ya watoto. Kupiga ni bure.

UANZIE WAPI?

Anza na ofisi ya watoto katika kaunti ndogo yako. Huko hulipi wakili. Afisa atawaita wote wawili, na mkikubaliana ataandika makubaliano: mtoto atakaa wapi, nani atalipa nini na tarehe gani, mwingine atamwona lini. Makubaliano hayo yakipelekwa mahakamani na kupokewa, yanakuwa na nguvu ya amri. Mkishindwa, mahakama ipo, na hapo pia mnaweza kuelekezwa kwa mpatanishi kabla ya kesi kusikizwa. Asiye na uwezo wa wakili aulizie huduma ya serikali ya msaada wa kisheria, au FIDA Kenya, au Kituo cha Sheria.

Weka salama cheti cha kuzaliwa cha mtoto, cheti cha ndoa, risiti za karo na za hospitali. Ujumbe wa M-Pesa usifute. Baba unayetuma pesa, tuma kwa njia inayoacha kumbukumbu. Mama unayepokea, andika zimefanya nini.

Na wote wawili, msimfanye mtoto tarishi. Asitumwe kuuliza "baba yuko na nani siku hizi." Asiambiwe "mama yako ndiye aliyetuharibia." Mtoto wa miaka saba hawezi kubeba kesi ya watu wa miaka arobaini.

MWISHO WA HADITHI YA ISHMAELI

Wengi husoma hadithi ya Ishmaeli na kuishia jangwani. Lakini fungua Mwanzo 25:9. Ibrahimu alipokufa, waliomzika katika pango la Makpela ni Isaka na Ishmaeli, wote wawili. Yule kijana wa kiriba alirudi, akasimama kaburini na ndugu yake.

Wewe unayejua matanga ya Ukambani unaelewa maana yake. Umeona mazishi yakisimamishwa na kesi kwa sababu mtoto fulani hakuandikwa, hakujulikana, hakuwahi kukanyaga boma la baba. Umeona kijana amesimama nje ya hema, akimwangalia kwa mbali mtu anayefanana naye akiteremshwa kaburini.

Hilo linaamuliwa leo, katika simu utakayopiga au kukataa kupiga, katika karo utakayolipa, katika wikendi utakayomruhusu mtoto aende. Huenda ndoa yenu haitarudi. Mimi nitaendelea kuomba irudi pale inapoweza kurudi kwa usalama. Lakini hata isiporudi, yuko mtoto ambaye bado anawaita baba na mama, na Mungu anamsikia pale alipo.

TUOMBE

Baba katika jina la Yesu, tunakuletea kila nyumba iliyogawanyika. Mlinde aliye hatarini usiku huu, mwonyeshe mlango na watu wa kumpokea. Wape akina baba moyo wa kutunza, na akina mama moyo wa kutoficha. Wape hekima mahakimu na maafisa wa watoto katika kaunti yetu. Na kila mtoto anayelia mahali ambapo hakuna mtu anayemsikia, wewe msikie, kama ulivyomsikia Ishmaeli. Amina.

Kama kuna mtu umemkumbuka ukisoma, mtumie ujumbe huu kwake peke yake, si kwenye grupu la familia. Ubarikiwe.